Gari la Chama: Shinikizo Dogo la Oili katika Injini Iliyosukwa Upya

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya Makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vyenye magari. Shabaha yake si kumgeuza Katibu awe fundi. Shabaha yake ni kumwezesha kuuliza maswali yafaayo, kuyaelewa majibu ya fundi, na kuishauri Kamati kwa haki kabla fedha za wanachama hazijatoka sandukuni. Chama kinaweza kupoteza fedha nyingi kwa kukosa kuuliza swali moja kwa wakati wake.

1. Mfano wa somo

Na ichukuliwe kwamba chama kimoja cha wakulima wa pamba kina gari moja tu, nalo ni Land Rover Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli, ya lita 2.25, ilikuwa imechoka. Ilikula oili na kutoa moshi. Kamati ikaidhinisha injini ishushwe na kusukwa upya. Gari likarudi kutoka gereji siku 6 kabla ya kufunguliwa kwa vituo vya kununulia pamba.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, mambo yote yalionekana kuwa mazuri. Lakini baada ya mwendo wa kilomita 20, dereva aliposimama mbele ya ghala na kuiacha injini katika sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, taa ya oili ilianza kupepesa.

Dereva akamwendea Katibu. “Ndugu Katibu,” alisema, “tutie oili nzito zaidi. Taa itazimika, na msimu utatukuta tayari.”

Fundi alipopelekewa habari, alijibu, “Mzee, injini hiyo bado mpya. Itembee kwanza, itazoea.”

Mjumbe mmoja wa Kamati alikuwa na neno lake pia. Alisema fundi amerudisha vipuri vya zamani ndani ya injini na kuviuza vipya, kwa hiyo asilipwe salio la fedha zake.

Hayo yalikuwa maoni matatu, na hakuna hata mmoja kati ya wasemaji hao aliyekuwa amepima kitu chochote. Hapa ndipo somo linapoanzia.

2. Shinikizo la oili hutoka wapi

Watu wengi hudhani kwamba pampu ya oili ndiyo inayotengeneza shinikizo, au presha kama madereva wasemavyo. Hiyo ni nusu ya kweli. Kazi ya pampu ni kusukuma kiasi cha oili kila inapozunguka. Shinikizo hupatikana kwa sababu oili hiyo hukuta njia nyembamba, ikazuiwa kutoka upesi.

Mfano wake ni maji ya bomba la kijiji. Pampu ya kisima ikiwa ni ile ile, na bomba moja tu likiwa limefunguliwa, maji hutoka kwa nguvu. Yakifunguliwa mabomba yote ya kijiji kwa wakati mmoja, maji hutoka kwa unyonge, ingawa pampu haikuharibika. Katika injini, mabomba hayo ni nafasi ndogo sana zilizo kati ya beringi na shingo za krankishafti, yaani zile sehemu za mviringo zinazozungukia ndani ya beringi. Oili hupita katika nafasi hizo, hulibeba chuma lisigusane na chuma lenzake, kisha hudondoka ndani ya sampu na kuvutwa tena na pampu.

Kwa sababu hiyo shinikizo likiwa dogo, sababu lazima iwe moja kati ya tatu: oili haiingii ya kutosha, au oili inatoka kwa urahisi mno, au oili yenyewe ni nyepesi kupita kiasi. Ya nne ni kwamba shinikizo ni zuri, bali chombo kinachopima ndicho kinachodanganya.

3. Kipimo kilicho cha haki

Kila mtengenezaji wa injini hutoa kipimo chake katika kitabu cha matengenezo, na kitabu hicho ndicho hakimu. Kwa injini ya Land Rover iliyotajwa, kipimo ni paundi 35 hadi 65 kwa kila inchi ya mraba, injini ikiwa na joto lake la kazi na gari likienda maili 30 kwa saa katika gia ya juu. Hiyo ni karibu bar 2.4 hadi 4.5, kwani bar 1 ni sawa na paundi 14.5.

Pale ambapo kitabu hakipatikani, mafundi wengi hutumia kanuni ya makadirio ya paundi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, injini ikiwa na joto. Kanuni hii ni ya kusaidia tu. Haiwezi kukishinda kitabu.

Izingatiwe pia kwamba kipimo cha injini baridi hakithibitishi chochote. Oili baridi ni nzito, hupita kwa shida, na hivyo shinikizo hupanda hata katika injini iliyochoka. Katibu anayelipokea gari gereji saa 1 ya asubuhi, injini ikiwa haijapata joto, akaona taa imezimika na kutia sahihi, amepokea kitu asichokijua.

4. Hatua za kwanza

Taa ya oili ikiwaka wakati gari linakwenda, dereva azime injini papo hapo, si baada ya kufika kituo cha mbele. Taa nyingi za namna hiyo hazifanyiki ziwake mpaka shinikizo limekwisha kushuka sana, mara nyingi chini ya paundi 10. Kwa hiyo taa inapowaka katika mwendo, hatari haiko njiani, imekwisha kufika.

Baada ya hapo mambo matatu yafanywe kwa utaratibu, yaliyo rahisi yakitangulia.

Kwanza, gari lisimame mahali palipo sawa, na oili ipimwe kwa kijiti chake. Ikiwa imepungua, itafutwe ilikotoka. Ikiwa imeongezeka bila mtu kuongeza, hiyo ni dalili mbaya zaidi: petroli au dizeli inaingia ndani ya oili na kuifanya nyepesi. Inuswe. Ikiwa ina rangi ya maziwa, maji yameingia.

Pili, itazamwe ni oili ya namna gani iliyotiwa, na stakabadhi ya ununuzi ilinganishwe na maandishi ya kitabu. Kwa injini ya petroli ya Land Rover hiyo, oili ya 20W-50 ni ya kawaida. Oili isiyo na jina, iliyonunuliwa kwa kupimiwa katika chupa, isikubaliwe katika injini mpya.

Tatu, kifaa kinachoiwasha taa kifunguliwe, na mahali pake ifungwe geji ya mkono yenye mpira wake. Hapo ndipo ukweli unapoanza kuonekana, maana taa husema “ndiyo” au “hapana” tu, lakini geji husema “kiasi gani”. Kama geji ikionyesha shinikizo zuri huku taa ilikuwa ikiwaka, basi kilichoharibika ni kifaa cha taa au waya wake, na chama kimeokoa gharama ya kuifungua injini bure.

5. Kuzisoma dalili

Geji isomwe mara nne, na kila mara tarakimu iandikwe: injini baridi katika sailensa, injini baridi katika mizunguko 2,000, injini yenye joto katika sailensa, na injini yenye joto katika mizunguko 2,000. Tarakimu hizo nne zikikaa pamoja husimulia habari.

(a) Hakuna shinikizo kabisa tangu mwanzo. Injini isiendelee kuwashwa. Huenda pampu haikujazwa oili kabla ya kufungwa, ikashindwa kuvuta. Au bomba la kuvutia oili limelegea. Au kishafti kinachoizungusha pampu hakikuingia mahali pake. Fundi mwangalifu huijaza pampu oili kabla ya kuifunga. Kisha huondoa plagi za moto, akaizungusha injini kwa stata tu mpaka sindano ya geji ipande, ndipo airudishie plagi na kuiwasha.

(b) Sindano inarukaruka, au inaanguka injini inapokanyagwa sana. Pampu inavuta hewa pamoja na oili, au inanyimwa oili. Sababu zinazopatikana mara nyingi ni oili kupungua, mahali pa kuungia bomba la kuvutia pasipokaza, au wavu wa chujio la ndani ya sampu kuzibwa. Katika injini iliyosukwa karibuni, wavu huo huzibwa na vipande vya gundi ya gasketi. Gundi ikipakwa nyingi kupita kiasi, ile inayobubujikia ndani hukatika na kwenda kwenye wavu.

(c) Shinikizo linapanda kidogo, kisha linakaa pale pale, injini iwe baridi au ya moto, hata ikikanyagwa namna gani. Ishukiwe vali ya kupunguzia shinikizo. Vali hii ina springi ambayo hufunguka shinikizo linapozidi. Punje moja ya takataka ikikaa chini yake, au springi ikiwa imechoka, vali hubaki wazi, na oili hurudi kwenye sampu bila kufanya kazi.

(d) Shinikizo ni zuri katika baridi, lakini hushuka sana injini inapopata joto. Likikanyagwa hupanda, ila halifiki kipimo. Hapa sababu ni oili nyepesi, au pampu iliyochakaa ikarudishwa bila kupimwa, au nafasi za beringi ni kubwa mno. Aidha, kizibo kimoja cha njia za oili, kilichotolewa wakati wa kusafisha kisha kikasahauliwa, kinaweza kuleta hali ya namna hii au mbaya kuliko hii.

Katika mfano wa somo, tarakimu zilikuwa hizi: baridi, 30 na 48, moto, 8 na 20. Oili ilikuwa ya namna iliyoagizwa na haikunuka petroli. Kwa hiyo habari iliyosimuliwa ilikuwa ile ya (d).

6. Hesabu ya nafasi za beringi

Kanuni ya kawaida ni kwamba nafasi kati ya beringi na shingo iwe karibu sehemu moja katika elfu moja ya kipenyo cha shingo. Kwa shingo ya milimita 60, nafasi ni karibu milimita 0.06, wembamba wa unywele wa binadamu.

Watu huuliza: je, nafasi ikizidi kwa unywele mmoja tu, kuna dhara gani? Jibu lake ni hesabu. Oili inayopita katika nafasi nyembamba haiongezeki kwa kadiri ya nafasi yenyewe, bali kwa nafasi ikizidishwa kwa nafasi, kisha kwa nafasi tena. Nafasi ikiwa mara mbili, oili inayotoka, kwa shinikizo lile lile, ni 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Hakuna pampu ya gari iliyotengenezwa kuleta oili mara 8. Hivyo shinikizo lazima lianguke.

Nafasi hiyo hupimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni maikromita: shingo hupimwa pande mbili zinazokingamana, ili ijulikane kama imekuwa yai, na beringi hupimwa ikiwa imefungwa na kukazwa. Njia ya pili ni uzi laini wa plastiki uitwao Plastigage. Kipande chake hulazwa juu ya shingo, kifuniko cha beringi hukazwa kwa spana yenye kipimo, bila kuizungusha krankishafti, kisha hufunguliwa tena. Uzi uliobanwa na kuwa mpana sana huonyesha nafasi ndogo. Uliobaki mwembamba huonyesha nafasi kubwa. Upana wake hulinganishwa na mistari iliyochapwa kwenye karatasi yake. Kazi hii kwa beringi moja haihitaji muda mrefu.

7. Kwa nini oili nzito si dawa

Ushauri wa dereva ulikuwa na ukweli kidogo ndani yake: oili nzito ingepandisha sindano, na pengine taa ingezimika. Lakini lengo la chama si kuipandisha sindano; lengo ni kuyatenga machuma yasigusane. Oili nzito huchelewa kuzifikia beringi asubuhi, na nafasi iliyokuwa kubwa hubaki kubwa. Taa ikiisha kuzimishwa kwa njia hiyo, gari limenyang'anywa sauti yake ya kuomba msaada. Litanyamaza mpaka siku litakaponoki likiwa na mizani, magunia na fedha za wakulima, mbali na gereji.

Hali kadhalika neno la fundi kwamba injini “itazoea” halikuwa na msingi. Ringi za pistoni huzoeana na silinda kadiri gari linavyotembea, lakini nafasi ya beringi haipungui kwa kutembea. Huongezeka.

8. Kilichoonekana

Sampu ya gari lile ilishushwa mbele ya dereva na mjumbe mmoja wa Kamati. Wavu ulikuwa safi. Vali ya shinikizo ilikuwa safi na springi yake nzima. Pampu ilipimwa, ikaonekana kuwa ndani ya kipimo. Beringi zilikuwa mpya, na alama za kiwandani zilisomeka vizuri nyuma yake. Hivyo shutuma ya wizi ikaanguka. Lakini Plastigage ilipowekwa, nafasi zilisomeka milimita 0.12 badala ya karibu 0.06. Beringi mpya za saizi ya kwanza zilikuwa zimefungwa juu ya shingo zilizochakaa.

Ndipo Katibu alipofungua jalada la gari. Makadirio ya kwanza ya fundi yalikuwamo, na mstari wa nne ulisema: “Kuchonga krankishafti, na beringi za kupungua 0.25.” Mstari huo ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu, na muhtasari wa mkutano wa Kamati ulieleza kwamba gharama ipunguzwe. Fundi alizing'arisha shingo kwa msasa, akafunga beringi za saizi ya kwanza, akanyamaza.

Basi kosa lilikuwa la nani? Kamati ilikosa kwa kukata kazi ambayo haikujua maana yake, bila kumwuliza aliyeiandika. Fundi alikosa kwa kuifunga injini bila kupima, na kwa kutoandika kwamba kazi aliyoamriwa haitadumu. Mapatano yaliyofikiwa yalikuwa ya haki: chama kilipe kuchonga, beringi na gasketi, maana hayo kingeyalipa tangu awali, na beringi za kwanza zihesabiwe kuwa hasara yake, fundi aishushe na kuisuka injini tena bila kudai malipo ya kazi. Gari la chama jirani lilikodiwa kwa wiki ya kwanza ya msimu. Gharama hiyo, pamoja na beringi zilizopotea, iliandikwa wazi katika hesabu za chama na kusomwa mbele ya mkutano mkuu. Haikufichwa chini ya fungu la “matengenezo madogo”. Wanachama walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini walinung'unikia jambo lililo kweli.

9. Wajibu wa Katibu

Ili chama kisirudie njia hiyo, Katibu afuate utaratibu huu kila injini inaposukwa:

Makadirio ya fundi yaandikwe mstari kwa mstari, na Kamati isikate mstari wowote kabla ya fundi kueleza madhara ya kuukata. Maelezo hayo yaingie katika muhtasari.

Vipuri visinunuliwe kabla ya shingo na silinda kupimwa. Saizi ya beringi hujulikana baada ya kuchonga.

Fundi atoe karatasi ya vipimo: kila shingo, kila silinda, na kila nafasi ya beringi. Karatasi hiyo ikae katika jalada la gari pamoja na stakabadhi, kwani fundi wa miaka ijayo ataihitaji.

Vipuri vya zamani na maboksi ya vipuri vipya virudishwe kwa chama.

Gari lisipokelewe mpaka geji imesomwa mara nne, injini ikiwa baridi na ikiwa ya moto, mbele ya dereva na mwakilishi wa Kamati. Salio la malipo lilipwe baada ya tarakimu hizo kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Oili na chujio la kwanza vibadilishwe mapema, kwa kadiri ya maagizo ya kitabu. Chujio la zamani lipasuliwe na kutazamwa. Vumbi la chuma likionekana ndani yake, fundi aitwe kabla gari halijaondoka.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Gari la chama lina shinikizo la paundi 50 asubuhi na paundi 7 mchana, katika sailensa. Dereva anasema gari ni zima kwa sababu asubuhi ni zuri. Ajibiwe nini?

2. Geji inaonyesha paundi 18 tu, injini iwe baridi au ya moto, polepole au kwa kasi. Fundi anataka kuzifungua beringi zote. Ni kitu gani kingetazamwa kwanza, na kwa nini?

3. Nafasi ya beringi ikiwa mara tatu ya kipimo, oili itakayotoka kwa shinikizo lile lile itaongezeka mara ngapi?

4. Kamati yenu imewahi kukata mstari katika makadirio ya fundi, mjenzi au mtengenezaji wa mizani? Nani aliulizwa kabla ya kukatwa, na je, muhtasari unaonyesha?